Juzuu ya Kwanza Nyuma ya Kioo

Bibi alipoihama Unguja mwaka sitini na nne aliacha nyumba na vyombo vyake vyote, akapakata sanduku moja la mbao. Ndani mlikuwa na juzuu thelathini za msahafu, kila moja na jalada lake, zilizoandikwa kwa mkono na baba yake mzazi. Ndivyo tunavyosoma khitma: kila mtu hupewa juzuu yake, na kabla chai haijapoa Kurani nzima imekwisha. Hapa Matrah, Omani, sanduku lile halikupata mapumziko. Penye msiba watu walituma kuazima, juzuu zikaenda, zikasomwa, zikarudi, na hakuna aliyeandikishwa. Nani atazuia juzuu isisomwe?

Kwa hiyo alipokuja mwanamke mmoja wa Kizungu kuazima, mjomba hakusita. Mumewe alikuwa mkubwa fulani wa kigeni, na ukumbini kwao alikuwa akitayarisha maonyesho ya kurasa za vitabu vya kale, zilizoandikwa na watawa wa Kikristo karne nyingi nyuma. Aliziazima kutoka maktaba ya kanisa kuu la mji wao. Alitaka na kitu cha hapa cha kuweka kando yao. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, maana Kiingereza nilisoma Unguja. Mjomba akachagua juzuu ya kwanza, kwa yale maua ya dhahabu ya ufunguzi, akatia udhu na kuiweka mwenyewe kwenye kabati la kioo.

Nilikwenda kuyatazama maonyesho. Kurasa za ngozi, herufi kubwa za buluu na nyekundu. Nzuri kweli, sitawanyima haki yao. Pembeni mwa ukurasa mmoja niliona matone ya nta. Mtu alisali na ule ukurasa, mshumaa mkononi, pengine akimwombea maiti wake. Nikauonea huruma kufungiwa pale. Kisha nikasoma kadi iliyowekwa mbele ya juzuu yetu: "Sehemu ya kitabu cha dini. Mwandishi hajulikani."

Hajulikani! Na binti yake yu hai, yuko uchochoro wa pili anachambua mchele! Nikamwambia yule Mzungu jina la baba yake bibi, akaitikia kwa kichwa, na kadi ikabaki vilevile.

Maonyesho hayajesha, bibi akafariki. Maisha yake yote wasia wake ulikuwa mmoja: "Nikifa, nisomeeni kwa khati ya baba." Siku ya khitma mjomba akanituma kuifuata juzuu ya kwanza. Mzungu akanipa pole, akanipa na chai, halafu akasema ufunguo anao mumewe, naye yuko jangwani.

"Na hata hivyo," akasema, "si mnazo nyingine ishirini na tisa?"

Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Wanawake walikwishakaa mikekani, ubani unafuka, juzuu zimegawiwa. Shangazi mmoja akasema tuchukue msahafu mwengine, thawabu ni zilezile.

"Thawabu ni zilezile, lakini wasia ni wasia," mama akasema. "Nipe buibui langu."

Tulikuta ukumbi umejaa wageni, bilauri za sharubati mikononi. Mama hakumsalimu mtu. Alisimama mbele ya kabati akasoma kwa sauti, Alhamdu yote, kisha ukurasa wa pili, mwanzo wa Al-Baqara. Wageni wakasogea kusikiliza, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Mmoja akapiga makofi. Makofi, kwenye khitma ya bibi yangu!

Ukurasa ukaisha. Mama, bila ya kuinua kichwa, akasema, "Mwambie anifunulie."

Nikamwambia. Mzungu akarudia hadithi yake ya mume na jangwa. Mama akaketi juu ya zulia, chini ya kurasa za watawa.

"Basi nitangoja. Nna siku nzima."

Wageni wakaanza kuweka bilauri zao chini na kutazamana. Mzungu akageuka mwekundu, akaingia chumbani, akatoka na ufunguo. Kumbe jangwa lenyewe liko chumbani kwake!

Alifungua, kisha akamnyooshea mama glavu nyeupe azivae kabla hajashika.

"Mwambie nna udhu," mama akasema. Hilo nililitafsiri kwa raha zangu zote.

Akaitoa juzuu, akaibusu, akaifunga katika kanga. Tulipofika mlangoni akasimama. "Mwambie na yeye aje, mwanangu. Aisikie inavyosomwa, ale na sisi halwa."

Hilo sikulitafsiri. Nilimwambia mama kwamba mwenyeji ana wageni, hawezi kutoka.

Khitma ilitimia kabla ya magharibi, kwa khati ya baba yake bibi, tangu juzuu ya kwanza mpaka ya mwisho. Mama alimwekea Mzungu sahani yake ya halwa, akaifunika kawa, akasema huenda akaja, wageni wake wakishaondoka. Niliila mimi, yote, na ilikuwa tamu.