Nilivyompotosha baba mdogo kwa wastani wa asali

Wakuu, nawasalimu kutoka Tabora. Haya yamenikuta mwenyewe na sijatia chumvi.

Nipo chuo, mwaka wa kwanza. Statistics ilinitesa mpaka tulipofika kwenye wastani. Huo niliupenda. Vitu vingi vyenye kelele unavijumlisha, unagawanya, vinatulia kuwa namba moja.

Likizo nikaenda Urambo kwa baba mdogo, mkulima wa tumbaku mwenye mizinga ya nyuki porini. Tukarina asali mizinga kumi na miwili, yeye juu ya mti na kienge chake cha moshi, mimi chini na daftari.

Wastani: lita kumi kwa mzinga.

"Msomi kasema!" akashangilia. "Tumbaku basi. Shamba nakodisha, natundika mizinga mingine hamsini."

Nikavimba kichwa.

Chuoni nikawasilisha kazi yangu. Madam wa Statistics akauliza, "Hiyo kumi na miwili aliichagua nani?"

"Baba mdogo. Anasimama chini, anatazama mlango wa mzinga. Asipoona nyuki, hapandi."

"Ana mingapi yote?"

Sikujua. Darasa likacheka. Mimi nikawaza shamba la baba mdogo.

Nikampigia.

"Thelathini," akasema. "Ile kumi na minane nyuki bado hawajaja."

Hapo ndipo nilipomwelewa. Kwake mzinga mtupu haujashindwa, unasubiri wageni. Kwa nini auhesabu?

Lita mia na ishirini, mizinga thelathini. Lita nne!

"Baba mdogo, shamba usikodishe kwanza. Nilikosea."

Akafoka, "We mtoto, mtu wa kukodi yuko hapa, anakunywa uji wangu!" Nikamsikia akigeuka: "Bwana, samahani. Msomi kabadilisha maneno."

Jumamosi nikapanda basi kwenda kuomba radhi. Akanisimanga njia nzima porini, lakini tuliizungukia mizinga yote, hata mitupu. Hiyo mitupu ndiyo iliyonishangaza: karibu yote iko mbali na maji. Miaka yote hakuna aliyesimama chini yake akajiuliza kwa nini haina nyuki.

Tumbaku atalima. Mitupu tunaihamishia karibu na mto.

Nilichojifunza: ukipewa wastani, uliza nani hakuhesabiwa.

Wafuga nyuki wa humu, mzinga uliohamishwa huchukua muda gani kupata nyuki? Baba mdogo ananiuliza kila siku, na safari hii sitaki kumjibu kwa kubahatisha.