Donat na Kicheko cha Mama Yake

Donat Kapya hamwamini mtu anayecheka. Ukicheka mbele yake atakutazama kwa upande, kama vile umemuuzia saruji iliyochanganywa na majivu. Tumekua pamoja hapa Bel-Air, Lubumbashi, yeye mwana wa fundi wa reli, mimi Ntumba, binti wa wafanyabiashara kutoka Kasai, ukuta mmoja tu ukitutenganisha. Katika miaka yote hiyo sijamwona akipokea kicheko cha mtu bila kukikagua kwanza.

Ugonjwa huo aliupatia mbele ya televisheni. Kwao ndiko dishi la kwanza la mtaa lilikofungwa, na jioni tulijazana sebuleni kutazama vichekesho vya Wamarekani vilivyotiwa sauti za Kifaransa. Vyote vilifanana. Familia moja, sebule moja, kochi linalotutazama sisi, na mlango ambao jirani anaingia bila kubisha hodi. Kila mtu akisema neno, watu tusiowaona wanaangua kicheko. Sisi tulicheka nao. Donat alikaa bila kucheka, macho madogo, akauliza: "Bale bantu banacheka, iko wapi?"

Hakuna aliyejua, na wala hakuna aliyejali. Yeye alijali. Akaacha kuwasikiliza wachekeshaji, akawa anawasikiliza wachekaji, mpaka akamtambua mwanamke mmoja mwenye kicheko cha kuku aliyekuwa akicheka katika michezo miwili tofauti. "Unasikia? Ni yeye tena," akaniambia. "Banamulipaka yule. Iko kazi yake." Kulikuwa na ule mchezo wa kijana maskini aliyepelekwa kwa mjomba wake tajiri, katika mtaa wa Amerika unaoitwa Bel-Air kama wetu. Majirani waliupenda kwa sababu ya jina. Donat aliutazama wote akitafuta vumbi barabarani, hakuliona, akatoa hukumu kwamba hata hiyo Bel-Air yao ni bongo, uongo mtupu.

Alipokuwa mtu mzima alisoma mengi juu ya mambo hayo, na akawa anatufundisha kwa nguvu, tupende tusipende. Kwamba mchezo mmoja wa zamani sana, wa mke mtundu na mumewe, ulipigwa picha kwa kamera tatu mbele ya watu wa kweli waliokaa vitini, na wengi wakaiga hapo. Kwamba baadaye kulitokea mashine yenye vitufe, na kila kitufe kina kicheko chake. "Machine, Mama Ntumba. Unafinya touche, bantu banacheka. Bengine mu ile machine bashakufwa zamani." Aliyasema hayo kwa chuki, na bado hakukosa kutazama hata kipindi kimoja. Mtu huyu hajielewi, nilikuwa nikijisemea.

Kwa maana aliwapenda, na ndiyo maana akaanzisha kundi lake. Michezo tuliyoizoea hapa mjini ilikuwa ya watu kutembea huku na huko, kuwapigia watazamaji kelele, kusimulia kisa kirefu chenye fundisho mwishoni. Donat aliingiza kochi. Alitaka sebule ileile kila juma, watu walewale, kila mmoja na kasoro yake ambayo haiponi kamwe. David, seremala wa mtaa wa nyuma, akawa baba mwenye nyumba anayejifanya mkubwa. Mimi nikawa jirani anayeingia bila hodi. Mama yangu aliona aibu, akasema watu watadhani ndivyo alivyonilea.

Tulicheza katika ukumbi wa parokia Jumapili alasiri, na kituo kimoja cha televisheni cha hapa mjini kilikuja kuturekodi. Donat mwenyewe hakucheza. Alisimama kando ya jukwaa, nyuma ya pazia la kijani, akituongoza. Na alikuwa akichunguza. Tukimaliza, badala ya kutushukuru, alianza hesabu yake ya wachekaji: yule alicheka kwa sababu amelewa, yule anamtaka Virginie, dada yake Donat, wale ni ndugu zake David.

Kicheko kimoja tu ndicho alichokiamini. Mama yake, Mama Adolphine, alikuwa na kiti chake cha mbele, mkoba magotini, kitenge kimepigwa pasi. Kilikuwa kicheko kizito, chenye kofi la paja na kikohozi kidogo mwishoni, na mwanamke huyo hakuwa mtu wa kuwabembeleza watu. Mahali alipocheka, Donat alipaacha. Mahali aliponyamaza, alipakata, hata kama ukumbi mzima ulikuwa umevunjika mbavu. Mimi niliwahi kupoteza maneno mazuri sana kwa ajili ya kunyamaza kwake, na sijasahau.

Kisha mkuu wa kile kituo akamwita. Akamwambia kuna kitu hakikai sawa: kwenye picha, watu wanacheka mahali ambapo hakuna cha kuchekesha. Akapendekeza waondoe kicheko chetu na kuweka kile cha kompyuta. Donat alitoka pale, akaja moja kwa moja kwetu. "Ya Mama wangu batoe, baweke ya machine? Jamais," aliniambia. Lakini mdudu alikuwa ameshamwingia sikioni. Mahali ambapo hakuna cha kuchekesha: kwa nini yule mtu alisema hivyo?

Jumapili iliyofuata David akasahau maneno yake. Alisimama katikati ya jukwaa, mdomo wazi, hana kitu. Na katika ukimya ule, sawasawa mahali ambapo kichekesho kilipaswa kutua, Mama Adolphine akacheka. Paja, kikohozi, vyote. Niliposikia nilifurahi, nikadhani ametuokoa. Nilipogeuka kutoka jukwaani nikamkuta Donat nyuma ya pazia, uso umekuwa kama wa mtu aliyekuta kufuli lake limevunjwa.

Akafanya mtihani. Mchezo uliofuata alimwambia David, mahali pa kichekesho kikubwa kabisa, aseme tu kwamba nguo zimekauka. David akasema nguo zimekauka. Mama Adolphine akacheka mpaka akavua miwani.

Ndipo Donat alipofunga kundi. Kochi likarudi kwa mwenyewe, kituo kikaambiwa tumepumzika. Mimi nilimfuata kwao nikiwa nimejaa hasira, maana ule mchezo ulikuwa wangu pia. Nilimkuta ukumbini pa nyumba yao, ananong'ona ili mama yake asisikie jikoni.

"Mama alikuwa ananisikilia huruma," akasema. "Tangu ya mwanzo. Mi nafinya touche, ye anacheka. Yote ilikuwa bongo, Mama Ntumba. Yote."

"Muulize basi," nikamwambia. "Iko pale, anachambua majani ya sombe. Ingia, uliza."

"Atasema nini? Mama hawezi kusema mutoto wake hana kitu."

Hakumuuliza. Mama Adolphine alikuwa akimuuliza yeye, "Théâtre inaanza tena lini?" naye akijibu, "Tunapumzika, Mama." Mvua zilipoanza mama huyo akashikwa na kifua, na kabla ya mvua kukolea tukampoteza. Nilimlilia yule mama kama wangu. Na katikati ya kulia, Mungu anisamehe, niliwaza kwamba sasa Donat hatajua kamwe, na ataishi akilitafuna jambo hilo mpaka meno yaishe.

Kwetu, mzee akifa, wajukuu ndio wenye ruhusa kwenye kilio. Wao ndio bajukulu. Wanavaa nguo za marehemu, wanaiga alivyotembea, alivyogomba, alivyoficha sukari, na wakubwa hawana haki ya kukasirika. Donat hakutaka. Alipoona wanaanza kujipanga uani alinyanyuka kwenye viti vya wanaume, akaingia ndani, akajisimamisha nyuma ya pazia la mlango wa sebule. Nilimwona, nikamwacha.

Akatoka Léa, binti wa Virginie, msusi mwenye saluni yake karibu na soko, mwanamke asiyemwogopa mtu. Alikuwa amejifunga kitenge cha nyanya yake, miwani yake puani, mkoba wake mkononi. Akaweka kiti cha plastiki katikati, akakaa, akauweka mkoba magotini. Watu wakaguna, alikuwa yeye kabisa. Mjukuu mmoja akaingia kwa kishindo akipiga kelele, makalio yamejazwa mto, na nikaelewa kwamba huyo ni mimi. Sina makalio ya namna ile.

Kando, kwenye kamba ya nguo, walikuwa wametundika shuka. Kisha Ephraïm, mjukuu mkubwa, akatoa kichwa pembeni mwa shuka. Kichwa tu. Macho madogo, midomo imebanwa, akitupitia mmoja mmoja kama askari wa kituo cha ukaguzi. Léa akacheka. Paja, kikohozi. Kichwa kikarudi ndani, kicheko kikakatika. Kichwa kikatoka, akacheka. Kikaingia, akanyamaza.

Yule aliyekuwa mimi akamwinamia. "Mama, unacheka nini? Hatuyasema kitu."

"Bale ba pale mbele siangaliaka," Léa akajibu kwa sauti ya nyanya yake. "Mi naangaliaka ku rideau, pale ku pazia. Mutoto wangu iko anatoka."

Uani pote pakalipuka kicheko. Ilikuwa wazi kwamba waliuelewa mzaha ule mara moja, maana walikuwa wamekiona kile kichwa Jumapili zote. Mzee mmoja wa parokia alikuwa akipangusa macho, akimwambia mwenzake kwamba yeye alikuwa akija kwa ajili ya kichwa tu; alidhani ni sehemu ya mchezo. Sisi wa jukwaani ndio hatukujua, kwa sababu tulikuwa tumelipa lile pazia mgongo. Na kamera ilitazama kochi. Kila palipokaribia kichekesho, Donat alitoa kichwa kuwakagua wachekaji, David awe amesema au asiwe amesema, na mama yake akamwona mwanawe yuleyule wa sebuleni mwenye macho madogo, mwenye kasoro isiyopona kamwe. Alicheka kwa moyo wake wote. Hakumdanganya hata mara moja.

Nilikuwa nalia na kucheka pamoja, na nilitaka kwenda kumwambia. Haikuhitajika. Pazia la mlango lilitikisika, na pembeni mwake kichwa cha Donat kikatoka, macho madogo, midomo imebanwa, kuangalia ni nani hasa anayecheka kwenye kilio cha mama yake.

Kilio kizima kikaanguka. Wanawake walijitupa kwenye mikeka, David alikumbatia nguzo ya hema, na Léa, na miwani ya marehemu usoni, akakitoa tena kile kicheko, kizima, mpaka kikohozi cha mwisho. Donat alimtazama. Machozi yalimtoka, kisha mabega yakaanza kumcheza, akacheka. Safari hii hakukirudisha kichwa ndani. Alibaki hivyohivyo pazia likiwa shingoni, mpaka walipokuja kumwita kwa ajili ya sanduku la mama yake.