Shangazi na Vitabu vya Chiriku

Shangazi yangu ameshona vitabu kwa miaka ishirini na sita katika chumba cha nyuma cha maktaba. Kuna dirisha moja, meza, kopo la gundi, sindano nene, na vitabu vilivyoumia vikisubiri zamu kama wagonjwa. Siku nyingine sauti yake ya kwanza ni ile ya jioni, akiliambia kufuli lake gumu la nyumbani, "Haya, funguka basi." Wenzake wa mapokezi wanamwita Bi Kimya. Hawana ubaya, wamezoea tu kwamba hajibu.

Vitabu alivyovipenda ni vya Chiriku, hadithi kumi na mbili za binti wa miaka kumi na mitano, mpelelezi asiyetumwa na mtu, mwenye akili kama wembe na mdomo usiojua kupumzika. Alivisoma vyote gundi ikikauka. Aliniambia Chiriku alikuwa akiongea kwa niaba yao wawili.

Siku moja aliletewa kitabu cha nne, jalada limebanduka. Pembeni mwa ukurasa wa thelathini mtu alikuwa ameandika kwa penseli: "Si mpishi." Sheria ni kufuta kila alama, na mapokezi hufanya hivyo kitabu kikirudishwa. Vilivyoharibika tu ndivyo hupelekwa nyuma kabla ya kufutwa. Shangazi alishika raba, akaiweka chini. Kisha akaandika: "Kwa nini?"

Baada ya miezi miwili kitabu kilirudi. Ukurasa wa thelathini ulikuwa umechanwa, kisha ukachomekwa mahali pake, na chini ya swali lake pameandikwa: "Mpishi hutumia mkono wa kushoto. Fundo lile ni la mtu wa mkono wa kulia." Shangazi alipitisha kidole palipochanwa. Mtoto akichana, karatasi huacha meno. Hapa palinyooka kama pamepimwa kwa rula. Mtu huyu alikuwa amegundua kuwa njia pekee ya kumwandikia mshonaji ni kuumiza kitabu.

Waliandikiana hivyo zaidi ya mwaka, maneno matano, sita, kitabu baada ya kitabu. Chiriku angemtafuta mtu huyu, na Shangazi naye akamtafuta. Kadi za kuazimia zilionyesha namba moja kila mara, na daftari la wanachama likasema ni fundi saa mwenye kibanda nyuma ya posta. Hakwenda. Angesema nini?

Kisha msimamizi wa maktaba akaja na vitabu vitatu mkononi.

"Mama, wewe ndiye daktari wao. Nani anavichana? Nikimpata, namfutia uanachama."

"Panya," alisema Shangazi.

Msimamizi aliinua ukurasa kwenye mwanga. "Panya mwenye rula?"

Mapokezi walicheka wiki nzima: Bi Kimya kafungua mdomo, katoka panya. Mitego iliwekwa hata hivyo. Lakini msimamizi akatangaza kwamba kuanzia mwezi ujao atakagua kadi mwenyewe.

Shangazi alikaa siku mbili na kitabu cha tisa. Akinyamaza, fundi angeendelea kuchana mpaka akamatwe. Akimwonya, barua zingekwisha. Aliandika: "Usichane tena. Wanakutafuta." Akakishona kwa uzi mpya, akakirudisha rafuni.

Fundi alitii. Vitabu vya Chiriku vikakaa wima rafuni, vizima, na kwa miezi minne Shangazi alishona kamusi na vitabu vya hesabu. Aliniambia kwamba chumba kile hakikuwa kimya namna hiyo hapo awali, au labda yeye ndiye hakuwa amesikiliza.

Jumamosi moja alivua saa yake ya mkononi, ambayo haikuwahi kuchelewa hata dakika. Akaifungua mgongo kwa kisu chake cha karatasi, akadondosha humo tone moja la gundi. Ilipokauka, akaipeleka nyuma ya posta.

Fundi alikuwa mtu mfupi mwenye mvi masikioni. Alivaa kioo chake cha jicho, akainama juu ya saa, akakawia. Kisha akavitazama vidole vya Shangazi, vyenye gundi kavu kwenye kucha.

"Saa hii haikusimama yenyewe, dada."

Shangazi alivikunja vidole vyake. Fundi aliiweka saa ndani ya kibahasha, akaandika juu yake kwa penseli.

"Njoo Alhamisi," alisema.

Alirudi nyumbani peke yake, mkono mwepesi. Mwaka huu saa hiyo imesimama mara nne.