Gari Lililotangazwa kwa Magonjwa Yake

Juzi, kwenye stesheneri moja hapa Katesh, mzee aliyekuwa fundi wa matrekta kwenye mashamba ya ngano Basotu alikuja kutangaza gari lake mtandaoni: gari la spoti la zamani, la milango miwili. Dada wa kompyuta akampa shikamoo, kisha akaandika, “Gari zima kabisa, halina tatizo.”

Mzee akagonga kaunta kwa kidole. “Futa, binti. Mnadani tunaanza kwa kutaja ugonjwa wa ng'ombe. Andika: gia ya pili inagoma asubuhi. Mlango wa kushoto unafunguka kwa ndani tu. Kuku waliwahi kutaga kwenye kiti cha nyuma.”

“Babu, sasa nani atanunua?”

“Atakayenunua hatanirudishia.”

Dada akalituma tangazo huku akitikisa kichwa. Mzee hajamaliza kufuta miwani, simu ikaita. Akaweka spika.

“Shikamoo mzee, napiga kutoka Arusha. Magari ya zamani yote niliyoyaona mtandaoni ni mazima, mpaka nimeogopa. La kwako tu ndilo linaumwa. Usimpe mtu, nakuja kesho.”

Nyuma ya mzee kwenye foleni nilikuwa mimi, na tangazo la pikipiki yangu mkononi: “Kama mpya.”

Nikaomba kalamu.