Hotuba Yangu Kwenye Mazishi ya Othieno

Jamani, mimi Paya siendi tena. Nikialikwa harusi huko nitasema mguu unaniuma, nikisikia msiba nitatuma pole kwa simu, maana kuna boma moja kule ambalo mpaka leo nikilikumbuka nahisi masikio yanawaka moto. Mnacheka? Chekeni tu. Aibu niliyoipata siku ile bado imenikwama hapa kooni kama mfupa wa samaki ngege.

Mnajua nilikuwa baharia kabla ya kurudi hapa Busia kuuza vipuri vya baiskeli. Miaka mingi nilisafiri kwenye meli za mizigo pamoja na Othieno, Mjapadhola wa Paya, Uganda (tulikutana Mombasa, vijana wawili wa mpakani tuliokwenda kutafuta kazi, yeye wa upande ule, mimi wa upande huu, na ukishafika katikati ya bahari mpaka wa Busia unauona kitu cha kuchekesha). Na mabaharia, msidanganywe, kazi yetu kubwa si kufunga kamba wala kukwangua kutu, kazi yetu kubwa ni uongo. Jioni mnakaa sitaha ya nyuma, maji kila upande, hakuna cha kutazama, basi mnadanganyana mpaka usingizi uje. Sheria ilikuwa moja tu: hadithi ya mwenzako huivunji. Akisema ameona nyangumi, wewe unasema nyangumi walikuwa wawili. Anayeuliza "kweli?" anaosha masufuria ya mpishi.

Othieno peke yake hakuweza. Akianza kudanganya anacheka kabla hajafika katikati. Basi sisi tukawa tunadanganya kwa niaba yake, tunamtungia visa yeye mwenyewe akisikia, na alivipenda, anacheka hadi anafuta machozi kwa fulana.

Sasa Othieno amekufa. Presha ilimwangusha shambani akipalilia mihogo. Nikapanda boda mpaka Paya, suti yangu nyeusi imegeuka nyekundu kwa vumbi, nikakuta watu wengi, turubai mbili, spika mbili kubwa, na wingu zito likipanda upande wa Mwamba wa Tororo. Mjane wake, Akoth, alikuwa amekaa kando ya jeneza. Emsii akaniita.

"Rafiki ya marehemu, baharia kutoka Kenya! Dakika tano tu, mzee. Mvua ile mnaona."

Katekista akasimama karibu nami kutafsiri kwa Kidhopadhola. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kawaida, kwamba alikuwa mtu mwema, mchapakazi, mcha Mungu, lakini watatu walionitangulia walikuwa wamesema hayohayo, kwa mpangilio huohuo, na mzee wa mstari wa mbele alikuwa ameshalala mdomo wazi, nikaona rafiki yangu hawezi kuzikwa hivi, mtu aliyecheka vile, nitawapa kisa kimoja tu kidogo wachangamke. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Nikasema, "Othieno huyu mnayemwona alimpiga papa kofi, papa akakimbia!"

Katekista akashusha maikrofoni. "Alipiga Baba Mtakatifu?"

"Hapana! Papa samaki, yule mwenye meno!"

Watu wanaojua Kiswahili wakaangua kicheko, mzee akaamka, hata Akoth nikaona mdomo umesogea kidogo. Nami kichwa kikavimba. Ukishachekwa vizuri mbele ya spika huwezi kukaa chini. Nikaingia kwenye kile kisa chetu cha Santos, bandari ya Brazili, ambacho tulikuwa tunamtungia kwa sababu meli ikitia nanga yeye hashuki, anabaki kufua nguo. Nikasema kwa madaha kabisa, mikono hewani, kwamba kule Santos binti wa mkuu wa bandari alimwona Othieno akazimia, akaamka, akamwoa kwa nguvu, na leo yuko mtoto kule mwenye pengo la meno hapa mbele kama la baba yake.

Wenye Kiswahili wakacheka. Kisha katekista akatafsiri. Yule mtu ana sauti ya msiba, jamani, hata akitangaza mnada wa mbuzi utalia. Mimi nilirusha mikono, yeye alikunja yake kifuani. Sikujua anasema nini ila nilisikia "Othieno" na nilisikia "Brazil", na nikaona kicheko kinakufa kutoka mstari wa nyuma kuja mbele, kama mtu anazima taa moja moja.

Kiongozi wa ukoo akasimama. "Baba ya mutoto haiwezi ingia udongo kama mutoto hajulikani. Jina yake nani?"

"Mzee, huo ni utani wa mabaharia," nikasema. "Hana jina. Hayupo."

Katekista akatafsiri (baadaye niliambiwa alivyosema: mtoto hakupewa jina, na sasa hayupo tena). Kilio kikapanda upya. Wanawake wakashika vichwa. Nikanyang'anya maikrofoni nikapiga kelele kwamba ni uongo, nimetunga, naapa, na kadiri nilivyoapa ndivyo walivyonitazama kama mtu anayeficha. Shemeji yake Othieno, kaka wa Akoth, akasema kwa sauti, "Mutu hawezi tunga mpaka meno. Huyu anaogopa tu."

Wachimba kaburi wakaketi juu ya majembe yao. Matone ya kwanza yakaanza. Nami kwa akili zangu nikakumbuka shahidi: Salim, yuko Mombasa, tulisafiri naye meli moja. Nikampigia, nikaweka simu mbele ya maikrofoni ili boma zima lisikie.

"Salim! Niko na watu hapa Paya, kwao Othieno. Waambie juu ya yule mtoto wa Santos!"

Sikumwambia kwamba ni mazishi. Ilinitoka akilini, naapa. Yeye alisikia watu, akasikia Santos, akafurahi.

"Mtoto?" Salim akanguruma kwenye spika zote mbili. "Mmoja yupi? Mapacha, bwana! Wavulana wawili, wazuri kama nini!"

Nikakata simu. Katekista hakuwa na haja ya kutafsiri. Na mapacha kwa Wajapadhola hawangoji kuulizwa majina, wanakuja nayo, basi kiongozi wa ukoo akavua kofia akatangaza kwamba ukoo unawatambua Opio na Odongo wa ng'ambo, na katekista akawaombea kwa majina, mbele ya jeneza, mvua ikitunyeshea, na nusu ya boma wakisema amina.

Jeneza lilipoteremshwa Akoth alipewa udongo autupe. Aliushika, akautazama, kisha akafungua mkono, udongo ukaangukia miguuni pake mwenyewe, akageuka akaenda nyuma ya jikoni. Nikamfuata. Nilimkuta amesimama ukutani, gauni lake la gomesi limelowa.

"Shemeji," akasema, "mimi nauliza wewe polepole. Alikuwa na mutu huko?"

"Hakuwa na mtu," nikamwambia. "Shemeji, nisikilize. Tulitunga kwa sababu alikuwa hashuki. Bandari zote hizo, sisi tunakwenda mjini, yeye anabaki. Kila asubuhi alikuwa ananiuliza Paya sasa ni saa ngapi, nikimwambia anafumba macho, anasema, 'Sasa Akoth anawasha moto. Sasa anaita kuku.' Alikuwa anakuona, shemeji. Kutoka huko kote."

Alikamua pindo la gauni. Mvua ilikuwa inapiga mabati, nikadhani labda hakusikia.

"Hiyo nayo," akasema, "umetunga vizuri."

Akaingia ndani akafunga mlango.

Sikula chakula cha msiba. Nilirudi Busia nimelowa, na tangu hapo ukoo unanipigia kuuliza lini Opio na Odongo watakuja kuona kaburi la baba yao, lakini Akoth nikipiga hapokei. Nimeapa, nikiitwa tena kwenye maikrofoni ya matanga nitasema jina langu, nitasema pole, nitakaa, hata kama mstari mzima wa mbele unakoroma. Uongo wangu wameupa majina wakauombea. Ukweli nilioubeba juu ya yule mtu, ndio huo mmoja tu, na mwenye haki nao hautaki.