Kidonge Nilichonyimwa

Nilipougua TB, dada yangu mkubwa alinichukua nikae kwake Bariadi. Kwenye kituo cha afya walitaka mtu wa kunisimamia nyumbani, wa kuhakikisha nameza dawa mbele ya macho yake, naye akajitolea kabla sijasema lolote. Yeye ndiye aliyekwenda kuzichukua, na kila asubuhi aliniletea vidonge kwenye kisahani, akinisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mdogo wangu. Meza. Haya, fungua mdomo nione."

Nilikuwa mtu mzima na watoto wangu, lakini nilipenda kudekezwa vile. Hata kanisani nilisimama nikamshukuru mbele ya watu wote.

Kikohozi kiliisha, kisha nyayo zikaanza kuwaka moto. Nilizibandika kwenye sakafu ya saruji zipoe. Shuka tu ikinigusa vidole, napiga kelele. Dada akasema bila shaka nimekanyaga dawa ya mchawi shambani. Mwishowe moto ule ukatulia, ikabaki ganzi. Nikarudi siku moja kutoka kuvuna mpunga, dada akaona damu sakafuni. Mwiba ulikuwa umezama kisiginoni na mimi nimetembea nao njia nzima.

Nikaenda kituoni mwenyewe.

"Na kale kavidonge kadogo ka vitamini unakameza kila siku?" daktari akaniuliza.

"Kapi?"

Alinieleza taratibu. Dawa mojawapo ya TB huweza kuharibu mishipa ya fahamu, na kale kadogo hutolewa pamoja nayo ili kuikinga. Dada alikuwa akipewa tangu mwanzo. Daktari akasema atanianzishia sasa, ila hakuniahidi kwamba ganzi yote itaondoka.

Nilimkuta dada uani akiwamwagia kuku pumba. Hakukana hata kidogo. Vifaranga wake walikuwa wanapooza miguu, jirani akamwambia vitamini za watu huwasaidia, basi akawa anavisaga vile vidonge kwenye maji yao.

"Dawa zenyewe nilikupa zote," akasema. "Zile ni vitamini tu! Wewe ulikuwa unakula vizuri. Wao walikuwa wanakufa."

Kuku wale walikuwa wakichakura mbele yangu, wazima wa afya. Niliwachukia. Nilimchukia na yeye, na sioni haya kulisema. Mwizi wa kawaida huiba ukiwa umempa mgongo. Huyu aliniibia huku ananikagua mdomo.

Shamba langu sasa analilima mtu mwingine, na mimi sina pengine pa kwenda. Kila jioni dada huniosha miguu, akitafuta vidonda ambavyo mimi siwezi kuvihisi. Huweka beseni chini, mvuke unapanda. Huniambia maji ni ya vuguvugu tu, nami naingiza miguu.