Jina Ndani ya Foto ya Ezéchiel

Pale Kadutu, ukitaka foto ya mutu wako unaenda kwa Fabiola. Wapiga foto wengine watakuzungusha mpaka uchoke. Fabiola anakupa hapo hapo. Uchawi? Uchawi wapi! Kila foto anayopiga, ya harusi, ya ubatizo, ya kilio, anaingia ndani ya faili yake na kuandika majina ya wote wanaoonekana. Mots-clés, ndivyo anavyoyaita. Halafu siku ukija, anaandika jina moja tu kwenye kompyuta, na foto zote za mutu huyo zinatokea. Watu walimusifu kwa hilo, naye, tuseme ukweli, alijisikia sana.

Sifa hizo ndizo zilizomuletea wanaume watatu wenye bunduki. Walikuwa wanamutafuta Gracien, waliyesema amewabebea maadui zao risasi. Mutu akisemwa hivyo siku hizi haulizwi kitu, anauawa. Jina walikuwa nalo, sura hawakuijua, wala hawakujua kwamba Gracien ni mudogo wake Fabiola, tumbo moja. Mushenzi gani aliwaambia habari ya ile kompyuta sijui, Mungu atamulipa.

Fabiola alisema hamujui Gracien yeyote. Kitako cha bunduki kikamupata mudomoni, meno mawili yakaanguka juu ya kompyuta. Mukubwa wao akayapangusa kwa mukono, akaandika jina mwenyewe. Ikatokea foto moja tu, maana Gracien hakupenda kupigwa foto: wanaume wa kwaya, wamevaa mashati ya bluu, wanacheka. Jina la Gracien lilikuwamo, lakini mots-clés hazionyeshi sura ipi ni ya nani. Mukubwa akamukamata Fabiola nywele, akamubamiza uso kwenye meza, akarudia, akarudia, mpaka damu ikamuziba jicho.

« Weka kidole. Gracien iko nani? »

Akaweka kidole kwenye sura ya Ezéchiel. Ezéchiel alikufa mwezi uliopita, risasi ilimukuta sokoni. Fabiola alifikiri, aliyekwisha kufa watamufanya nini tena? Ni akili ya mutu anayepigwa, na mimi simulaumu. Lakini alisahau kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyechapa sura ya Ezéchiel, bila jina, kwenye tisheti za kilio, na maman Rosette, mama ya marehemu, alikuwa bado anaivaa ya kwake.

Wale wanaume walichapa foto ile, wakazunguka nayo mpaka wakaikuta sura ile kifuani mwa maman Rosette, akiuza sombe, yale majani ya muhogo. Walimupiga mateke mbele ya watu wote mpaka mbavu zikavunjika, wakiuliza Gracien iko wapi. Mama alimujua Gracien vizuri, kijana alikulia nyumbani mwake pamoja na Ezéchiel. Neno moja tu lingemuponya. Akasema ndiyo, huyu wa kwenye tisheti ndiye Gracien, mutoto wake, na yuko kaburini. Wakamuvunja mukono. Wakasema watarudi kuhakikisha, na wakikuta uongo watamuchoma ndani ya nyumba yake.

Jioni maman Rosette alifika kwa Fabiola, akijishikilia ukutani. Fabiola akapiga magoti, analia, anaomba musamaha. Mama akamunyamazisha. Alikuwa ametoka makaburini. Musalaba wenye jina la mwanawe ameung'oa na kuutupa.

« Ingia mu foto, » akasema. « Kila fasi mutoto wangu iko, andika Gracien. »

Fabiola akamwambia, kwa mudomo ule uliovimba, kwamba wakifanya hivyo hakuna mutu atakayemupata tena Ezéchiel.

« Gracien naye mupe jina ya mutoto wangu. Ikuwe na mutu wa kuiitika. »

Basi Fabiola akafungua foto ya kwanza, Ezéchiel siku ya komunyo, na suruali fupi. Maman Rosette akaomba angoje kidogo. Akamuita mwanawe kwa jina lake, mara moja, polepole, ndipo Fabiola akalifuta na kuandika Gracien. Wakafanya hivyo kwa kila foto mpaka zikaisha.